Uzi Mweupe kwenye Waya wa Moto

Mpira wa waya unapoanza kuiva hautoi moshi kwanza. Hutoa harufu tamutamu ya kuudhi, kama mtu amesahau kandambili karibu na jiko. Juzi hapa mtaani kwetu Kambarage niliipata harufu hiyo kutoka kwenye gari la mjukuu wangu. Kijana mmoja alikuwa amejipinda chini ya usukani akifunga redio mpya yenye kioo kipana kama sinia. "Zima," nikamwambia. "Tulia bibi, iko sawa," akanijibu. Nikapaza sauti, akazima. Alipovuta waya wake, ganda lilikuwa limeshalainika. Alikuwa amechomeka mahali pa kwanza alipoona taa yake ikiwaka, bila kuuliza umeme ule unatoka wapi na nani anaulinda.

Wajukuu wakacheka, wakasema bibi ana pua ya mbwa. Niliingia ndani nikakaa kitandani, na machozi yakanitoka bila mtu kunigusa. Wenzangu wa rika langu, mliovaa marekani mkaenda shule peku, ninyi nitawaeleza, maana mnajua mtoto wa zamani aliweza kubeba jambo zito tumboni kwa siku nyingi na watu wazima wasimwone.

Baba yangu, Ramadhani, hakuwa Msukuma. Alikuja Shinyanga kwa treni kutoka Tabora, mwembamba, mpole, mtu wa swala tano, akaoa kwa Wasukuma na hakurudi tena kwao. Alifanya kazi kwenye gereji karibu na stesheni. Mwenye gereji alikuwa Singasinga mwenye ndevu nyeupe, mji mzima ukimwita Kalasinga naye akiitika. Kwa miaka kazi ya baba ilikuwa karai. Alikaa juu ya kiubao akiosha vyuma kwa mafuta ya taa, hata ngozi ya vidole ikawa inapasuka na mama kuipaka samli. Umeme wa magari alijifunza kwa kutazama, kisha kwa kuuliza, na fundi wa Kihindi aliyeushika alipoondoka, kwa kujaribu. Kalasinga akamruhusu kugusa taa na honi. Dashibodi hakumruhusu, na hapakuwa na mtu mweusi mwingine pale aliyekuwa ameruhusiwa hata hizo honi.

Ndipo akaja Mjomba Ngasa na redio yake. Mjomba alikuwa kaka wa mama, mtu mnene mwenye kicheko, mfanyabiashara wa mchele wa Kagongwa. Alikuwa na pikapu ya Kiingereza, mkweche, aliyoitumia kupeleka vyakula mpaka kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Redio alikuwa ameipata Mwanza, ya kufungwa ndani ya gari, nzito kama tofali, imejaa vichupa vya kioo vya redio za zamani. Akaipeleka gereji, akaiweka juu ya meza ya Kalasinga, akasema, "Nataka shemeji yangu aifunge. Yeye, si mwingine."

Baba alitusimulia jibu alilopewa. Kalasinga alizichezea ndevu zake kwa muda, kisha akasema, "Haya. Afunge. Ikikaa vizuri, dashibodi zote atafanya yeye. Ikiungua, anarudi karai, na hapo karai hatoki tena."

Mama aliposikia hivyo hakula vizuri siku mbili. Baba yeye alikuwa akitabasamu peke yake.

Gereji hapakuwa na nafasi, kwa hiyo Jumamosi mchana mjomba alileta pikapu uani kwetu. Baba akatandika gunia chini ya dashibodi, akalala chali, miguu nje. Mimi nilikaa kwenye kiti cha dereva nikishika ufunguo, kwa kuwa mama alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na mjomba alikuwa kila akipewa kazi anaanza kusimulia. Baba akisema "washa," nawasha. Akisema "zima," nazima. Nilijiona ndiye dereva wa gavana.

Alikuwa na taa yake ya kupimia, ambayo ilikuwa ni balbu ndogo aliyoilehemu nyaya mbili. Mmoja aliubana kwenye chuma cha bodi, mahali alipokwangua rangi mpaka pakang'aa. Mwingine aliufunga kwenye sindano ya kushonea magunia, na kwa sindano ile alichoma waya mmoja mmoja kutafuta uhai. Nyaya za pikapu zilikuwa zimevikwa pamba ya kusuka, na zamani kila moja ilikuwa na rangi yake. Lakini vumbi letu na mafuta vilikuwa vimezifanya zote kuwa na rangi ya chai ya rangi. Kwa hiyo baba aliomba nyuzi za cherehani za mama, nyekundu na nyeupe, ili akishaujua waya aufunge alama asiupoteze.

"Humu umeme si wa kutafuta, Sada," aliniambia kutoka kule chini. "Umejaa. Cha kuuliza ni unatoka wapi, unapita kwa nani, na ufunguo ukitolewa unalala au haulali."

Zilipatikana nyaya mbili zisizolala. Niwashe, nizime, nitoe ufunguo kabisa, balbu inawaka tu. Baba akazifunga nyaya hizo nyuzi nyekundu. Kisha akapata mmoja ambao ufunguo ukizimwa nao unazima, na alipochomoa fyuzi moja ukafa hata ufunguo ukiwa umewashwa. Akafurahi kama mtu aliyeokota sarafu. Akaufunga uzi mweupe.

"Huu ndio wetu. Una mlinzi. Fyuzi ndiyo mlinzi wake, balaa likija anakufa yeye, gari linabaki."

"Na hizi nyekundu, baba?"

"Hizo hazina mlinzi. Zinatoka kwenye betri moja kwa moja. Hazishikwi."

Ukimwambia mtoto maneno kama hayo, usidhani ameyasikia kama ulivyoyasema. Mimi niliyasikia kwa masikio ya bibi.

Bibi, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka kijijini upande wa Mwakitolyo kumwona mdogo wangu aliyezaliwa. Alimfunga uzi kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, mafundo matatu, kila fundo analitajia jina la mtoto polepole. Huo ulikuwa ulinzi. Baba alikunja uso kidogo kwa ajili ya dini yake, lakini mama mkwe ni mama mkwe. Na ni bibi huyohuyo aliyekuwa akihangaika kila wingu likitanda. Hufunika kioo kwa kaniki, huanua kila nguo nyekundu kwenye kamba, hunivua hata utepe wa nywele. Nyekundu huita radi. Hilo kwetu halikuwa jambo la kubishana, lilikuwa kama kusema maji hulowanisha. Wiki mbili kabla, radi ilikuwa imeua ng'ombe watatu wa jirani yake bibi, na watu wote walisema mchungaji alikuwa amejitupia blanketi jekundu begani.

Sasa fikirieni akili yangu. Nimemwona baba akifunga nyuzi. Nimemsikia akitaja ulinzi. Kwa hiyo anazifunga nyaya hirizi, na katika mvua zile, zile nyaya mbili zisizo na mlinzi ndizo amezivika nyekundu! Juu ya bodi mjomba ameshasimamisha eriali ndefu kuliko mimi. Na Jumatatu alfajiri ndani ya gari hilo ataingia mjomba wangu, na bibi atakuwa pembeni yake akirudishwa kwake kupanda mahindi.

Kazi haikumalizika siku ile. Alasiri baba alianza kutetemeka. Alitoka chini ya dashibodi meno yakigongana, homa ile tuliyoijua sote, akaingia ndani kujifunika. Mjomba akaenda mjini. Wingu lilikuwa limejaa upande wa jineri ya pamba, jeusi, na ngurumo imeanza. Mimi nikachukua kibunda cha uzi mweupe cha mama, nikaingia kwenye pikapu, nikalala chali kama baba.

Nilizikata nyuzi nyekundu kwa meno. Nikafunga nyeupe mahali pake, mafundo matatu kila waya. Wa kwanza nikautajia jina la mjomba, wa pili la bibi. Nyekundu nikazitupa jikoni motoni. Msinicheke, nilifanya kwa adabu na kwa moyo wote, na sikumwambia mtu kwa sababu ulinzi hautangazwi. Mvua ikaja na radi zake, ikapita, na pikapu ikabaki imesimama uani bila mkwaruzo. Nikalala usingizi mtamu.

Jumapili baba hakuweza kuinua kichwa. Alikuwa amekunywa kwinini, masikio yanamlia, maneno yanatoka nusunusu. Mjomba akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Shemeji, ninyi watu wa Tabora mkiona kazi mnaugua. Kesho lazima niondoke, wachimbaji wa Geita watakula mawe? Niambie tu waya upi, nifunge mwenyewe."

Baba akatabasamu kwa shida. "Mweupe. Uzi mweupe. Mwekundu usiguse, Ngasa."

"Mweupe. Basi, hata mlevi anauona."

Akauona, tena akaziona nyuzi nyingi, akachukua uliokuwa karibu na mkono wake. Haraka haraka haina baraka, lakini mjomba alikuwa hajawahi kupatana na methali hiyo. Alifunga, akasukuma redio kwenye tundu lake, akazungusha kifundo. Kwanza ikawa kimya mpaka vichupa vilipopata moto, halafu ikatoka sauti ya mtu anasoma habari kutoka Dar es Salaam, hapo uani kwetu, kati ya kuku na mitungi. Majirani walijaa. Mjomba akapanda juu ya ubao wa mlango wa gari, akachomoa ufunguo, akauinua juu.

"Tazameni! Ufunguo ninao mkononi na bado inasema! Huyo ndiye shemeji yangu!"

Watu wakapiga makofi. Mimi pia. Ndani baba alikuwa amelala fofofo. Laiti angalisikia neno lile moja, kwamba redio inasema na ufunguo umetoka, angaliinuka na homa yake akatembea kwa magoti.

Waliondoka Jumatatu alfajiri, bibi ameketi mbele na kibuyu chake cha maziwa ya mgando mapajani. Adhuhuri walirudi. Pikapu ilikuwa inavutwa na maksai wawili, mwenye maksai anatembea mbele akipiga mluzi, watoto wa mji mzima nyuma. Dashibodi ilikuwa nyeusi. Mkono wa kulia wa mjomba ulikuwa umezungushiwa kipande cha kaniki ya bibi.

Bibi ndiye aliyesimulia. Barabara ilikuwa mashimo, gari linaruka, mara harufu, mara moshi. Ngasa akatoa ufunguo, moshi ukaendelea. Akaingiza mkono chini akaung'oa waya, nao ulikuwa umeiva mwekundu, ngozi ya kiganja ikabaki huko. "Mimi nikamwaga maziwa," akasema bibi. "Kibuyu kizima. Redio imekunywa yote." Mama alikuwa akilia. Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo, jasho la homa likimtiririka.

Na mimi? Nilidhani ni radi. Nilidhani imepita kwenye eriali ikatafuta njia, na kwamba labda sikuyataja majina vizuri. Sikujihesabu hata kidogo.

Pikapu ilipelekwa gereji. Kalasinga akafungua, akaona mara moja. Waya wa redio ulikuwa umechukua moto, yaani umeme, kabla haujapita kwenye fyuzi. Gari liliporuka, waya huo ulijisugua kwenye ukingo wa chuma mpaka ukagusa bodi, na hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Baba, bado dhaifu, aliitwa. Aliinama, akaona uzi mweupe uliobabuka ukining'inia kwenye waya usiokuwa na mlinzi, akanyanyuka.

"Nimekosea," alisema. Basi. Akaenda akavuta kiubao, akakaa kwenye karai.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na utulivu mbaya. Hakuna aliyegomba. Mjomba alikaa kwetu mkono upone, na alisema "ahsante" na "nipe maji" na "shemeji, umeamkaje," kwa adabu. Ninyi mnajua, mtu na shemeji yake kwetu hawasalimiani kwa adabu. Hutaniana. Hutukanana hata, na kucheka. Utani ukikatika pana msiba. Baba alimjibu kwa adabu vilevile, na mikono yake ikarudi kunuka mafuta ya taa.

Jioni moja, baada ya futari ya uji, maana baba alikuwa akilipa siku zake za mfungo, nilikuwa nyuma ya pazia nikimbembeleza mtoto. Nikamsikia baba anamwambia mama.

"Mama Sada, nilipima. Nakumbuka nilipima. Nyekundu mbili, mweupe mmoja. Nakumbuka kama nakuona wewe. Na kumbe mkono ulikuwa unafunga nyeupe kote. Homa ilikuwa imeshaingia kichwani na mimi najiona mzima."

"Homa inapita, Baba Sada."

"Imepita. Lakini sasa nitajuaje? Ninachokumbuka sicho nilichofanya. Mtu wa namna hiyo hashiki umeme. Ataua watu."

Hapo ndipo nilipojua. Mtoto akalia nami nikashindwa kumtikisa.

Mngedhani nilitoka mbio nikasema. Sikutoka. Nilinyamaza kama maji ya mtungini, siku mbili nzima, na sababu haikuwa fimbo. Niliuona mkono wa mjomba kila asubuhi mama akiufungua kuuosha. Niliogopa kwamba nikisema ni mimi, kila mtu ataugeukia mkono ule kisha ataniangalia. Nilikuwa na umri wa miaka minane au tisa, na nilikwisha jifunza woga wa watu wazima.

Kilichonishinda kilikuwa tochi. Jirani yetu, mama mmoja mjane aliyeuza maandazi, alileta tochi yake haiwaki. Kwa baba tochi ilikuwa mchezo, alikuwa akizitengeneza huku anasimulia. Aliifungua, akatoa mawe yake ya betri, akayaangalia. Akaanza kuyarudisha, akasita, akayatoa tena, akayageuza, akasita tena. Mwisho akamrudishia vipande vipande kwenye kanga yake.

"Mpelekee mtu mwingine, mama," alisema. "Mimi sina hakika."

Yule mama aliondoka. Jua lilikuwa linazama. Nilimwendea baba pale alipokaa, nikasema yote kwa mkupuo mmoja, radi na blanketi na meno na mafundo matatu, bila kupumua, nikafumba macho nikingoja kofi.

Kofi halikuja. Nilipofumbua macho alikuwa amenishika mabega yote mawili na uso wake uko karibu sana na wangu.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Nyekundu zilikuwa ngapi?"

"Mbili, baba."

"Ulizikata wewe?"

"Kwa meno."

"Na mweupe wangu? Mmoja?"

"Mmoja. Huo sikuugusa."

"Rudia tena, mwanangu. Polepole."

Nilidhani hiyo ndiyo adhabu, kusemeshwa kosa mpaka linichoshe. Akamwita mama, nikarudia. Mama akanipa tatu za mwiko, za haki, na baba hakumzuia, ila aliniambia niendelee. Akamwita mjomba. Nikarudia huku nalia, nikiutazama mkono uliofungwa kitambaa. Tumbo la mjomba likaanza kutikisika kwa kicheko.

"Kumbe nimefanyiwa zindiko!" akasema. "Ulilitaja jina langu, Sada?"

"Ndiyo, mjomba."

"Basi ndiyo maana umeungua mkono, haukuungua uso. Shemeji, wewe mganga wako yuko ndani ya nyumba, unakwenda kunywa kwinini ya nini? Mtu wa Tabora bwana!"

Baba akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Bibi, ambaye hakuwa amerudi kwake bado, aliuliza kwa Kisukuma wanacheka nini, akaelezwa, akanivuta kwapani. "Mayu," alisema, ndiyo mama kwa Kisukuma, "mbona umefanya vizuri? Radi haikuwagusa." Hilo ndilo lililonichoma kuliko mwiko.

Asubuhi baba alinishika mkono tukaenda gereji. Nilidhani tutapita njia ya nyuma. Tulipita katikati ya mji. Tulipokutana na fundi cherehani, baba alisimama, wakasalimiana, akasema, "Sada, mwambie." Nikamwambia. Tukamkuta muuza maandazi: "Mwambie." Tukamkuta mzee wa msikitini, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajauliza habari za nyumbani baba akasema, "Mwambie babu ulichofanya." Uso wangu ulikuwa umevimba kwa kulia na aibu. Wa baba ulikuwa unameremeta. Nilimchukia kidogo asubuhi ile, lazima nikiri. Ilinichukua miaka, mpaka na mimi nikafika umri wa kusahau nilipoweka miwani na kuona watoto wanatazamana, ndipo nikaelewa kwamba kila niliporudia nilikuwa namrudishia kichwa chake, kipande kwa kipande, naye hakushiba.

Kalasinga hakuwa amefika. Kazi ni kazi, kwa hiyo baba alikaa kwenye karai akaanza kuosha, nami nikasimama kando yake mpaka jua likapanda. Mwenyewe alipokuja nilimwamkia, nikasimulia. Alisikiliza bila kucheka.

"Nani kakufundisha hii maneno?" aliuliza. "Baba yako?"

"Hapana."

"Mtoto anaweza kusema uongo kwa ajili ya baba. Mimi nina watoto pia." Akaingia ndani, akarudi na kipande cha waya na uzi. "Funga. Kama ulivyofunga ile siku."

Nilikaa chini nikafunga. Fundo la kwanza kwa kupitisha chini, la pili kwa kurudi, la tatu kwa kuvuta na meno, kama bibi. Sikutaja jina. Kalasinga alivaa miwani, akaenda kwenye pikapu iliyokuwa imesimama pembeni na dashibodi yake wazi, redio iliyokwisha kufutwa maziwa iko kitini, akaingiza kichwa. Waya mmoja uliokuwa na uzi wangu haukuungua. Aliushika, akautazama, akatazama kipande nilichokifunga, akautazama tena. Kisha akaupapasa ule wa tatu, wenye fundo moja la kifundi, akaufuata kwa kidole taratibu mpaka kwenye sanduku la fyuzi, mpaka ng'ambo ya fyuzi, mahali penyewe panapostahili. Alikaa ameinama pale muda mrefu sana.

Baba hakusimama. Alikuwa ameacha kuosha, lakini mikono yake ilikuwa bado ndani ya karai.

Kalasinga akatoa kichwa, akavua miwani.

"Ramadhani," alisema, "nawa mikono. Uje ufunge hii redio."

Baba alimtazama kama mtu ambaye hakusikia. Mafuta yalikuwa yanamtiririka kwenye viwiko.

"Rudia, bwana," alisema.

Kalasinga akarudia.